Ngoma Haijui Kukaa Chinichini: Somo Dogo la Kuchagua Muziki wa Mchezo wa Hadithi

Hili ni somo, lakini mimi mwenyewe nililipata kwa kukosea mbele ya wanafunzi. Kwa hiyo nitaanza na makosa. Yako matatu. Mawili ya kwanza yanachekesha, la tatu halichekeshi.

Kwanza niueleze mchezo, maana nikisema "mchezo wa hadithi wa mezani" wengine wanafikiri ni karata. Watu wanne hadi sita wanazunguka meza. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake: huyu mganga wa mitishamba, yule mhunzi, yule mpiga makasia. Msimulizi anasema mko wapi na mbele yenu kuna nini. Wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini. Jambo likiwa na shaka, kwa mfano je, mtaruka huo mfereji au mtatumbukia, dadu inaamua. Hakuna mtu aliyekariri mistari, na hakuna anayejua mwisho. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ulitoka Marekani mwaka 1974. Unaitwa Dungeons & Dragons, na waliuandika Gary Gygax na Dave Arneson. Wenzetu wanarusha dadu yenye pande 20. Sisi chumbani kwetu hosteli tunarusha dadu mbili za ludo, na mambo yanakwenda vizuri tu. Tupo watano, kila Jumamosi jioni, bumu liwe limeingia au halijaingia, kwa sababu mchezo hauna gharama.

Ninyi wa kitivo cha elimu mmeshaona ninakoelekea. Hii ni igizo dhima yenye dadu. Tangu mtaala wa sekondari uliposhika njia ya kujenga umahiri mwaka 2005, igizo dhima imo katika kila orodha ya mbinu shirikishi tunayofundishwa. Basi nilipopangiwa mafunzo kwa vitendo, BTP, katika sekondari moja wilayani Ngara, nikabeba dadu zangu. Nikaomba klabu ya Kiswahili, nikapewa saa moja kila Alhamisi baada ya vipindi. Wakaja wanafunzi sita wa kidato cha pili, tukaunganisha madawati mawili.

Hadithi yetu ilikuwa ya zamani kidogo. Watu sita wanatoka Bugufi, wanavuka mto Ruvubu, wanashuka kupitia misitu hadi Biharamulo, wamebeba ujumbe ambao hawaruhusiwi kuufungua. Mhunzi wao ni Mrongo, kama wale waliosifika kwa kufua chuma upande wa Biharamulo. Hapo nilijipendelea, maana Biharamulo ndiko nyumbani.

Muziki niliuleta kwa sababu mbili. Chumba cha pili kulikuwa na wanafunzi wanaofagia na kupiga kelele, na nilitaka kitu cha kufunika ile kelele. Pili, niliona watoto waoga wanaogopa kuongea chumba kikiwa kimya kabisa. Kila neno linasikika kama jibu la mtihani. Nikasema, nitaweka muziki wa chinichini, wataongea juu yake.

Kosa la kwanza: maneno juu ya maneno

Wiki ya pili niliweka Bongo Fleva, sauti ndogo kabisa. Wahusika walikuwa sokoni wakitafuta chumvi. Binti aliyecheza mganga, ambaye tangu tuanze alikuwa hajasema zaidi ya sentensi mbili, akafungua mdomo aanze kupatana bei. Akasema, "Mimi nakupa majembe mawili, na wewe..." Akakwama. Akatazama simu yangu. Wenzake wawili walikuwa wanachezesha midomo, wanafuatisha kiitikio. "Nimesahau, madam," akasema, akarudi kwenye ukimya wake.

Usiku ule nikakumbuka somo la saikolojia ya elimu. Alan Baddeley na Graham Hitch, mwaka 1974, walieleza kumbukumbu tendaji, yaani ile sehemu ya akili inayoshika kitu kwa sekunde chache wakati unakifanyia kazi. Ndani yake kuna sehemu inayoshughulika na sauti za maneno, nayo ni nyembamba. Mwaka 1989 Pierre Salamé na Baddeley wakapima watu waliokuwa wanakumbuka mfululizo wa tarakimu huku muziki unalia. Muziki wenye kuimba uliwavuruga kuliko muziki wa ala tupu. Ni kweli kwamba kukumbuka tarakimu na kucheza hadithi ni vitu tofauti. Lakini yule binti alikuwa ameshika sentensi nzima kichwani, na mwimbaji akaingia kwa mlango uleule.

Usije ukajidanganya kwamba wimbo wa Kilingala ni salama kwa kuwa hamuuelewi. Mwaka 1976 Herbert Colle na Alan Welsh waliwapima watu wasiojua Kijerumani huku wanasomewa kifungu cha Kijerumani. Makosa yakaongezeka vilevile. Sikio linamfuata binadamu anayetamka, hata kama halijui anasema nini. Kwa hiyo: ala tupu.

Kosa la pili: ngoma

Wiki ya tatu kulikuwa na mapambano na majambazi wa msituni. Nikajiambia, maneno hapana, basi ngoma. Simuni nilikuwa na rekodi ya ngoma za Burundi. Msafiri wangu wa kwanza kurusha dadu hakurusha. Alisimama. Alikunja mikono, akaruka juu kama wanavyoruka wapiga ngoma wenyewe, wenzake wakapiga makofi, meza ikageuka ngoma, dadu zikaenda chini ya dawati. Mwalimu wa zamu akachungulia dirishani. Majambazi wangu wakasahaulika hadi wiki iliyofuata.

Nilicheka, lakini nilipaswa kujua. Ngara si mahali ambapo ngoma ni pambo. Wilaya hii imetokana na Bugufi na Bushubi, na Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa karibu kiasi kwamba wasemaji wanaelewana. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwaka 2017 serikali ya Burundi ikazitungia amri: maonyesho yawe na kibali, na wanawake wasizipige. Ukubali amri hiyo au uikatae, inakuonyesha uzito wa kitu chenyewe. Chombo ambacho nchi inakitungia amri hakiwezi kukubali kulia pembeni wakati watu wanaongea mambo mengine. Ngoma inaita, na aliyeitwa anaitika. Tangu siku ile ngoma nimeiweka mwisho wa kipindi, safari ikifika salama. Hapo warukao waruke.

Kosa la tatu

Wiki ya nne mpiga makasia wetu alizama Ruvubu. Dadu ilikataa mara tatu, na mimi nilikuwa nimeahidi kwamba dadu haidanganywi. Nikatafuta muziki wa huzuni. Nilikuwa na wimbo mmoja wa kwaya uliopigwa kwa kinanda peke yake, polepole. Hauna maneno. Hauna ngoma. Nikaona nimeshafaulu masharti yote mawili.

Kijana mmoja aliyekuwa anacheza mhunzi akaweka penseli chini. Alikaa hivyo kama dakika moja, anaangalia dadu tu. Halafu akasema, "Madam, naomba ruhusa," akatoka. Mwenzake akaninong'oneza: "Huo ndio waliimba siku ile." Siku ipi? Mama yake alikuwa amezikwa wiki mbili zilizopita. Alikuwa amerudi shule siku chache tu. Mimi nilifundisha mkondo mwingine, sikuwa na habari.

Nilizima. Nikamfuata, nikamkuta amesimama karibu na tenki la maji. Nikamwambia pole, na kwamba sikujua, lakini kuuliza lilikuwa jukumu langu. Akanijibu kwa adabu kabisa, kama vile mimi ndiye ninayehitaji kupozwa: "Sio wimbo mbaya, madam. Ila sasa hivi ni wa mama."

Sentensi hiyo ndiyo somo lote. Wiki zile zote nilikuwa naliuliza tukio: sokoni panahitaji muziki gani, vita inahitaji muziki gani, kifo kinahitaji muziki gani. Sikuwauliza waliokaa mezani. Muziki unapoingia chumbani unaikuta kwenye vichwa vya wasikilizaji historia yake tayari, na historia hiyo msimulizi haiwezi kuibadilisha kwa sababu tu hadithi yake inahitaji huzuni. Wimbo huohuo kwa mmoja ni kinanda kizuri, kwa mwingine ni jeneza linashushwa.

Mzee wa inanga

Wiki ya tano sikuweka chochote. Rafiki yangu tuliyepangwa naye shule moja alinishauri niachane kabisa na muziki, mchezo unatosha. Ana hoja. Lakini kelele ya chumba cha pili ilirudi, na yule binti wa chumvi alirudi kunong'ona.

Karibu na shule kuna mzee anayepiga inanga jioni. Kwa wasioifahamu: ni ubao mmoja wa mti uliochongwa kama sinia refu, na uzi mmoja unapitishwa kwenda na kurudi kati ya ncha mbili hadi zinapatikana nyuzi kadhaa. Burundi kuna namna ya kuipiga ambapo mwimbaji hapazi sauti kabisa, ananong'ona juu ya nyuzi. Wahaya wana enanga yao, na juu ya enanga walisimulia tendi za mashujaa. Profesa Mulokozi alizitafiti tendi hizo kwa shahada yake ya uzamivu pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986. Yaani sisi tunatafuta mtandaoni namna ya kuweka muziki chini ya hadithi, na mkoa wetu wa Kagera una watu waliokuwa wanafanya hivyo zamani sana kabla ya huo mchezo wa 1974.

Nikaenda na kilo ya sukari. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza shida yangu. Akauliza, "Hao watoto watakuwa wanaongea juu yake?" Nikasema ndiyo, mzee, naona aibu kidogo. Akacheka. "Hata mimi huwa naongea juu yake, mwalimu."

Nilimtazama kwa jioni mbili. Niliyoyaona ni haya. Mkono wake ulirudia kipande kifupi kilekile, na mabadiliko yalikuwa madogo, kiasi kwamba sikio linatulia halingojei kitu kipya. Nyuzi zilikuwa chini ya sauti yake muda wote. Na akifika kwenye neno zito, mkono ulisimama. Neno likapita peke yake, kisha mkono ukaendelea. Msimulizi na mpiga muziki walikuwa mtu mmoja, kwa hiyo muziki haukuweza kumtangulia. Simu yangu haikuwa na akili hiyo, ilikuwa inalia tu.

Aliniruhusu nirekodi vipande viwili, kila kimoja kama dakika sita, kwa sharti visitoke nje ya klabu. Ndiyo maana sitawatumia, msiniombe.

Alhamisi ya sita, kabla ya kuanza, niliwasikilizisha kwanza. Nikauliza: huu kuna anayeufahamu? Kuna mtu unamkumbusha kitu asichotaka kukumbuka leo? Mmoja akasema unamkumbusha pombe ya ndizi kwa babu yake, wakacheka. Yule kijana wa mhunzi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huu uko sawa." Tukaanza. Sitasema kwamba kuna muujiza ulitokea. Ila binti wa chumvi alipatana na mwenye mtumbwi kwa dakika kumi nzima, akamshusha bei, na sauti yake ilifika hadi kwangu bila kuinama kumsikiliza.

Na nyumbani je?

Likizo nikaujaribu mchezo Biharamulo na binamu zangu. Safari hii hadithi ilikuwa ya siku hizi: basi limeharibika usiku kwenye barabara ya msituni, kati ya Lusahunga na Nyakanazi. Nikawauliza wachezaji, wote wakakubali sauti ya malori yanayopanda mlima kwa mbali. Nimejifunza, si ndiyo? Kumbe mama mkubwa alikuwa pembeni anachambua maharage. "Zima hiyo," akasema. Yeye alisafiri sana enzi zile mabasi ya huku yakienda kwa msafara, yakisindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Sisi kwetu ilikuwa hadithi, yeye aliwahi kukaa kwenye kiti cha lile basi. Tukazima. Binamu mmoja akachukua gitaa kavu, akazungusha mapigo mawili matatu yaleyale usiku mzima, akinyamaza kila dadu iliporushwa. Mama mkubwa hakusema kitu tena, na maharage yalipoisha alibaki kusikiliza.

Hapo nikajua kwamba kinachohamishika kutoka Ngara hadi Biharamulo si orodha ya nyimbo. Ni lile swali. Na swali linaulizwa kwa kila aliye ndani ya umbali wa kusikia, siyo wachezaji peke yao.

Kwa kifupi, fanya hivi

1. Uliza kabla. Wasikilizishe nusu dakika ya kila kipande. Usidai mtu aeleze sababu. "Huu hapana" inatosha.

2. Mpe kila mtu haki ya kusema "zima". Wachezaji wa nje wana desturi ya kuweka mezani kadi yenye alama ya X. Ukiigusa, jambo lile linaachwa bila maswali. Sisi tunagonga meza mara mbili.

3. Hali tatu zinatosha: safari, hatari, mapumziko. Ukiwa na vipande ishirini, utakuwa unachezea simu badala ya kusimulia.

4. Ala tupu, kipande kirefu chenye kujirudia. Wimbo wa dakika tatu unaokatika unawaamsha watu kila unapoisha.

5. Pima sauti hivi: anayekaa mbali zaidi aseme sentensi kwa kunong'ona. Kama haisikiki, punguza muziki, usimwambie yeye apaze. Kama huna spika, weka simu ndani ya bakuli tupu.

6. Pakua mapema na uweke simu kwenye hali ya ndege. Umeme unakatika, bando linaisha, na hakuna kinachoua hadithi kama simu ya mtu wa mikopo katikati ya pango.

7. Zima kabla ya dadu muhimu. Mzee alisimamisha mkono kwenye neno zito. Dadu la kufa na kupona ni neno zito.

8. Sikiliza mahali ulipo. Mvua ya Ngara ikishuka juu ya mabati hakuna spika itakayoshindana nayo. Zima, iingize mvua ndani ya hadithi, sogezeni viti karibu. Baadhi ya vipindi vyetu vizuri havikuwa na muziki, vilikuwa na mabati.

Zoezi

Kabla ya Jumamosi ijayo, chagua vipande vitatu unavyovipenda. Kwa kila kimoja andika mara ya mwisho ulipokisikia na ulikuwa na nani. Kisha mpe mwenzako wa chumbani avisikilize, naye aandike yake bila kuona ya kwako. Linganisheni. Palipotofautiana ndipo pa kuwa mwangalifu.

Wiki ya mwisho ya BTP ujumbe ulifika Biharamulo. Kabla hatujaufungua, yule kijana wa mhunzi akaninyooshea mkono, akaomba simu. Nikadhani anataka kuzima. Akasema, "Madam, leo acha niushike mimi, nijue pa kunyamaza." Nikampa. Alinyamazisha mara mbili tu, na zote mbili alikuwa sahihi.